Amani ilikuwa kazi ya fyekeo

Wageni wanaopanda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, siku hizi hushuka kwenye gari, husimama chini ya mikafuri, huvuta pumzi ndefu na kusema, "Msitu wa asili bwana, haujaguswa na mtu." Huwa nacheka kimoyomoyo. Hapo waliposimama pamekatwa, pamelimwa, pamepimwa kwa kamba, pamepandwa kwa mistari, kisha pamefyekwa kwa mkono masika na vuli tangu enzi ya Mjerumani. Mkafuri ni mti wa Asia Mashariki. Haukuja Usambara kwa miguu yake.

Nimezaliwa pale mwaka 1956, kwenye laini za wafanyakazi. Baba yangu alikuwa mtu wa bustani, na baba yake kabla yake. Mama alikuwa wa kitalu. Nimefundisha shule ya msingi Muheza mpaka nikastaafu, na kila nikisoma habari za Amani nakuta majina ya wakurugenzi, ya wataalamu wa mimea na ya watu wa malaria. Sina ugomvi nao. Lakini hakuna anayeandika kwamba bustani ya miti, asilimia kubwa ya kazi yake, si kupanda. Kupanda ni wiki mbili za mvua. Kinachobaki ni kuuzuia msitu usirudi.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, mkurugenzi wa kwanza Franz Stuhlmann, kisha Albrecht Zimmermann. Walitaka kujua ni mmea gani wa dunia utaota hapa na kuleta pesa: mipira ya aina mbalimbali, mikwinini, kahawa, kafuri, mdalasini, iliki, miti ya mbao, mianzi. Ploti, yaani vipande vya majaribio, kila kimoja na mmea wake, zilianzia chini Sigi, kwenye joto, zikapanda mpaka Amani kwenyewe, mita kama 900 juu ya bahari, zaidi ya hekta 300 kwa jumla. Sasa chukua eneo hilo, lipe mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ambayo hata kiangazi haikatiki kabisa, halafu uwape watu mafyekeo. Kikosi kikimaliza ploti ya mwisho, ile ya kwanza majani yamefika magotini. Ndiyo ajira ya kudumu hiyo.

Siku ilianza kwa reli. Kipande cha chuma cha reli kilining'inizwa kwenye mti karibu na ghala, na mlinzi alikigonga kukiwa bado kuna giza na ukungu. Wazee walisema kilitoka kwenye ile njia ya treni ndogo ya Wajerumani, iliyotoka Tengeni mpaka Sigi kuchukua mbao. Sijui wangapi wanaolala leo kwenye ile nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni pale Sigi wanafahamu kwamba treni ilikuwa inaishia mlangoni.

Watu walipanga mstari, karani akaita majina, nyapara akagawa kazi. Kazi ya kufyeka ilitolewa kwa ngwe, yaani kipande kilichopimwa cha mtu mmoja. Ukimaliza ngwe yako umemaliza siku, hata kama ni saa nne asubuhi. Ukishindwa, siku haiandikwi. Kwa hiyo vita yote ya siku ilikuwa pale mwanzoni, nyapara anapopima. Alipima kwa hatua zake, na nyapara mwenye miguu mirefu alikuwa hasara kwa kikosi kizima. Nakumbuka mmoja, Mbondei, mrefu kama mnazi, watu walikuwa wanamsindikiza kwa kelele: "Punguza, mzee, punguza! Unapima au unaruka mto?" Naye anacheka, lakini hapunguzi. Baadaye ikaletwa fito iliyopimwa, na kila nyapara akalazimika kuitumia. Baba alisema ile fito ndiyo jambo la haki kuliko yote aliyoyaona kazini.

Fyekeo lenyewe lilikuwa la mtu binafsi ingawa lilitoka ghalani. Baba aliliwekea mpini wake mwenyewe, na hakuruhusu mtu alishike. Tupa ya kunolea ilikuwa moja kwa kikosi, nyapara ndiye alikaa nayo, na foleni ya tupa ilikuwa mahali pa umbea wote wa Amani. Walifyeka wakiwa wametengana hatua kadhaa, wote wakielekea upande mmoja, kwa sababu fyekeo likimponyoka mtu kwenye utelezi halichagui mguu. Kuzunguka shina la mti hakuna kufyeka. Hapo mtu anainama na panga, anasafisha kisahani polepole, kwa sababu ukilichubua gome la mti wa ploti unakatwa mshahara, na mti wenyewe unaingiza kuoza pale pale palipochubuka. Kamba za porini zilizopanda kwenye matawi zilikatwa chini na kuachwa zikauke juu. Ukizivuta mbichi unashuka na tawi.

Mvua ikinyesha kazi haikusimama. Makoti ya mvua yalikuwa ya wakubwa. Wanaume walivaa magunia: unachukua gunia, unaingiza kona moja ndani ya nyingine, unapata kofia ndefu inayofunika kichwa na mgongo mpaka kiunoni. Ukiwaona kwa mbali kwenye ukungu hujui nani ni nani. Mama alimtambua baba kwa kikohozi. Shida kubwa haikuwa mvua bali upupu, ambao kwenye kiangazi ukiukata vumbi lake linashuka shingoni, na siafu, na viota vya nyigu chini ya majani ya migomba-mwitu. Nyoka walikuwepo, lakini watu waliwazungumzia zaidi kuliko walivyowaona.

Upande wa kitalu palikuwa pengine kabisa. Huko walikuwa wanawake wengi, na kazi yake ilitaka akili ya aina nyingine. Kila mbegu ina tabia. Mbegu ya mpira ikikaa siku chache imekufa, kwa hiyo ikiokotwa inaatikwa haraka. Mbegu ya msambu, mti wa msitu wetu, ni kinyume: unaifukia, unasubiri, unasahau, unaanza kugombana na aliyekuletea, ndipo inachungulia, moja leo, nyingine baada ya miezi. Mama alikuwa na tuta lake la misambu ambalo wakubwa wawili kwa nyakati tofauti walitaka lifukuliwe lipandwe kitu kingine, na mara zote mbili aliwaambia, "Ngoja kwanza, bwana. Hawa wamelala tu." Tunda la msambu ni zito, linaweza kuwa refu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko, na linaanguka bila hodi. Sisi watoto tulikatazwa kucheza chini yake msimu wa matunda. Yalipodondoka ilikuwa mbio kati ya wanawake na panya buku, maana panya nao huzibeba mbegu na kwenda kuzificha. Zile za ziada zilitoa mafuta, magumu kama samli ya baridi, tukayapikia.

Kabla viriba vya plastiki havijawa vitu vya kawaida, miche ilipandwa kwenye vikopo vya majani makavu ya mgomba. Mama alinifundisha nikiwa na umri wa kama miaka saba. Unachukua jani kavu lisilopasuka, unalizungusha kwenye chupa, unakunja chini, unafunga kwa uzi wa mgomba huohuo, unachomoa chupa, unajaza udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga wa mto. Ukikaza sana, mizizi haipiti. Ukilegeza, kinafumuka njiani kuelekea ploti na mche unafika uchi. Kivuli cha matuta kilitengenezwa kwa matawi ya gugu la porini yaliyochomekwa kila upande, na yalipokauka na kupukutika majani, mche ulizoea jua taratibu bila mtu kuhangaika. Nani alilibuni hilo sijawahi kusikia. Lilikuwepo tu.

Sasa vibao. Kila ploti ilikuwa na kibao, na miti mingine ilikuwa na chake shinani: bati jembamba lililogongwa herufi, jina la Kilatini, nchi mti ulikotoka, mwaka wa kupandwa. Baba ndiye alipigilia vya upande wetu kwa miaka mingi. Msumari haupigiliwi wote. Unaacha upana wa vidole viwili nje, ili mti ukinenepa uusukume ule ubati mbele badala ya kuufunika. "Ukipigilia mpaka mwisho, mwanangu, mti unameza jina lake," alikuwa akisema. Na kweli ipo miti pale Amani iliyomeza: unaona kovu kama mdomo uliofumbwa, na ukingo wa bati ukichungulia. Kila baada ya miaka alirudi na koleo kuvuta misumari nje kidogo kidogo. Kazi ya hovyo kwa macho ya mtu mwingine, lakini ikiachwa miaka kumi, hakuna anayejua mti unaitwaje.

Baba hakusoma Kilatini. Alisoma herufi alizozigonga, na alizitamka kwa namna yake. Mti wa kwetu wa mtambara, ambao kitaalamu ni Cephalosphaera usambarensis, aliutaja lile jina refu kwa mkupuo mmoja kama mtu anayesoma dua, wageni Wazungu wakatazamana. Kazini lakini watu hawakutumia majina hayo. Walisema "ploti ya mipira mikubwa", "pale kwa mianzi ya njano", "kule kwenye mwinuko alipovunjika mguu karani". Vibao vilipoanza kuibwa, na viliibwa sana kwa sababu bati zuri linaziba sufuria, ramani iliyobaki ilikuwa hiyo.

Kupima miti ilikuwa kazi ya watu watatu. Mmoja anashika utepe, mmoja anauzungusha na kusoma, karani anaandika. Kipimo cha unene huchukuliwa kwenye kimo cha kifua, nacho enzi ya Mwingereza kilikuwa futi nne na inchi tatu kutoka ardhini. Walikuwa na kijiti kilichokatwa kwa urefu huo. Mzee mmoja Msambaa, mfupi, kijiti kilimfika karibu na kidevu, na kila mwaka aliuliza swali lilelile: kifua cha nani? Kwenye mteremko kijiti kinawekwa upande wa juu, na kwenye miti yenye mbavu za mizizi kama mnyasa wanapanda juu zaidi ya mbavu, wakati mwingine kwa ngazi. Mvua nayo ilipimwa kila asubuhi saa tatu kamili. Karani wa mvua alikwenda na kioo chake cha kupimia hata siku ya Idi na Krismasi. Vitabu vya mvua vya Amani vinarudi nyuma mpaka enzi ya Mjerumani, na ni mikono ya makarani hao.

Hadithi za babu zilikuwa za vita ya kwanza. Alikuwa kijana kwenye mikwinini. Mti ulikatwa, magogo yakagongwa kwa nyundo za mti mpaka gome likaachia, likabanduliwa, likakaushwa. Bahari ilikuwa imefungwa na meli za Waingereza, dawa ya homa haiingii, kwa hiyo kwinini ya askari ilitengenezwa hapahapa. Si kwinini tu. Orodha za vitu vilivyotoka Amani miaka ile ya vita zina sabuni, unga wa meno, chokoleti na wiski, vyote kutokana na mazao ya koloni. Babu aliikumbuka sabuni. Wiski alisema hakuiona, na bibi alikuwa akikohoa kidogo akifika hapo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia, kituo kikalegea kwa miaka, mikwinini na mipira ikakaa inafyekwa na vikosi vidogo mpaka wao wenyewe walipofufua utafiti mwishoni mwa miaka ya 1920.

Baba aliingia kazini kama mwaka 1938, wakati wa mihogo. Ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza mihogo ya nchi nzima, na Bwana Storey na wenzake walikuwa wanachanganya muhogo na ule mpira unaoota kwetu, ambao majani yake sisi Tanga tunapika kisamvu cha mpira. Ni ndugu wa muhogo, na virusi havikuupata kirahisi. Kazi ya vijana ilikuwa kufunga maua kwa vifuko kabla hayajafunguka, kuleta chavua, kuandika alama, kisha kusubiri mbegu, kupanda, kung'oa iliyougua, kuchanganya tena na muhogo ili mizizi iwe ya kuliwa. Walionja pia. Baba alisema kizazi cha kwanza kilikuwa mizizi ya kujengea, si ya kula. Mbegu za kazi ile zilipelekwa Nigeria na huko zikawa mababu wa mihogo mingi inayohimili batobato leo Afrika. Hilo nililisoma ukubwani, nikamweleza mzee. Akauliza kama huko Nigeria nao wanapika kisamvu.

Kulikuwa pia na watu wa kukausha majani. Mtaalamu Greenway alikuwa na vijana wa kupanda miti kuleta tawi lenye ua au tunda. Tawi linalazwa kwenye gazeti, linabanwa kati ya mbao kwa mikanda, magazeti yanabadilishwa kila siku mpaka likauke. Masika ilikuwa adha, kila kitu kinaota ukungu. Greenway huyo alichapisha mwaka 1940 orodha kubwa ya majina ya mimea ya Kiswahili, na ninapoisoma naona sehemu za Tanga zimejaa kuliko kwingine. Majina hayo hayakutoka hewani. Mtu fulani aliyepanda juu ya mti ndiye aliyaita chini.

Mwaka 1950 majani yale yote yalikwenda Nairobi, na utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya. Kwa wafanyakazi wa bustani ilikuwa hofu tupu: nani atalipa? Wakaja watu wa malaria mwaka uliofuata, na Amani ikawa na kabila jipya, watu wa mbu. Hao walikuwa na maabara, baiskeli, magari ya kwenda safari, na mshahara wa Afrika Mashariki, wenzao wakitoka Kenya na Uganda pia. Watoto wao walivaa viatu. Sisi watoto wa bustani tuliwaonea wivu shuleni na kuwafunga kwenye mpira, maana viwanja vya mteremko tulivijua. Kwenye laini kulikuwa na Wasambaa, Wabondei, na familia zilizotoka Unyamwezi na kusini kwa kazi na hazikurudi tena. Kiswahili kilikuwa cha wote, na msiba ulikuwa wa wote.

Ukweli mwingine wa miaka ya sabini ni iliki. Bei ilipanda, na mtu mwenye kishamba cha iliki chini ya miti ya msituni alipata kwa msimu kuliko bustani ilivyompa kwa mwaka. Hapo ngwe ikawa rafiki: wanaume waliianza usiku usiku kwa mwanga wa mwezi, saa mbili wamemaliza, saa tatu wako kwenye iliki. Nyumba yetu ya bati ni iliki. Shule yangu ya ualimu ni iliki. Na iliki hiyo ilifyeka msitu wa chini kwa namna ambayo bustani haikuwahi kufanya, nami siwezi kujifanya sikula matunda yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Nchi ikaunda taasisi yake ya utafiti wa magonjwa miaka miwili baadaye, na maabara ikapata wenyewe. Ploti za miti hazikuwa na msemaji wa namna hiyo. Vikosi vikapunguzwa, anayestaafu hajazwi nafasi yake, tupa zikaisha, na ndani ya masika chache usingeweza kutofautisha ploti na jirani yake. Msitu uliingia.

Kilichotushangaza ni kwamba bustani nayo ilitoka. Mhesi, ambao wengine huuita msizi, ni mti wa magharibi, wa Uganda na Kagera huko, ulioletwa kwa ajili ya mbao kwa sababu unakua haraka mno. Hondohondo wanapenda tunda lake. Wanalimeza, wanaruka bonde, wanaitema mbegu. Kila penye uwazi, palipokatwa mbao au palipolimwa iliki, mhesi ukaota kwanza. Leo unaukuta mbali na ploti yoyote, ndani kabisa ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Ndege hao hao, wageni wanawapiga picha.

Mpwa wangu anafanya kibarua cha kufyeka njia za watalii pale, na wenyeji wanabishana kila mara kuhusu mhesi. Kuna wanaotaka ukatwe wote. Kuna wanaosema ndio kivuli kilichoziba makovu ya miaka ya mbao, ukiukata unafungua jua kwa magugu mengine mabaya zaidi, na wengine wana mbao zake kwenye paa. Mimi, mtoto wa mtu wa fyekeo, naona waanze na ploti za zamani. Wazisafishe, watoe mihesi iliyoingia humo, wabakize miti ya kitabu, ile iliyopandwa na kuandikwa, na kabla ya hapo wawakalishe chini wazee wachache waliobaki Sigi na Kisiwani wawatajie ni ploti ipi ilikuwa ya nini. Wazee hao watataka kulipwa, na vijana watakaofyeka watataka kulipwa kwa ngwe. Mpwa wangu tayari analalamika kuhusu anayepima.